Fundi wa Kipande Naye ni Mfanyakazi

Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha wala pishi la futari. Wiki mbili hizi nimekuwa nikibishana na wenye maduka wenzangu wa hapa Lamu juu ya jambo moja, na kwa kuwa ubishi wenyewe umeingia mpaka kwenye harusi na kwenye simu, naona bora niuandike hapa mara moja, anayetaka kunijibu anijibu kwa maandishi.

Jambo lenyewe ni matibabu ya wasichana wanaotushonea. Bima ya wenye kampuni sina haja nayo leo. Nasema hii ya serikali, SHA, ambayo kila mwenye mshahara Kenya hukatwa. Nani anayehesabiwa mfanyakazi mpaka akatiwe na kulipiwa, na nani anayeambiwa "wewe jilipie mwenyewe"? Katika maduka yetu mengi ya nguo, anayekaa kaunta na kupokea mshahara mwisho wa mwezi hukatiwa. Anayekaa nyuma ya pazia na cherehani, akalipwa kwa dera alilomaliza au kanzu aliyotia darizi, hakatiwi. Na huyo wa nyuma ya pazia ndiye anayetuingizia pesa.

Kwanza tuwekane sawa juu ya mambo yalivyo, maana nimesikia mengi yasiyo kweli. Bima ya zamani, NHIF, ilianza mwaka 1966. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliiondoa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tumo katika SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Tajiri ndiye anayekata na kupeleka, mwisho tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asiye na mshahara, mvuvi, muuza mahamri, fundi wa nyumbani, huulizwa maswali juu ya maisha yake, akapangiwa kiasi cha kulipa, na kiasi hicho hulipwa kwa mwaka. Cha chini ni 3,600, ambacho ni zile 300 mara kumi na mbili.

Watu wengi walilalamika kwamba SHA imepandisha bei. Kwa wakubwa ni kweli. Anayelipwa laki moja alikuwa akikatwa 1,700 katika NHIF, leo anakatwa 2,750. Lakini chukua kalamu upige hesabu ya wasichana wetu. Katika NHIF, anayelipwa 18,000 alikatwa 600. Sasa ni 495. Wa 14,000 alikatwa 500, sasa ni 385. Wa 9,000 alikatwa 400, sasa ni 300. Mwenye mshahara mdogo analipa chini ya zamani! Sijasikia mtu akiisema hiyo katika mazungumzo yetu yote. Kila mtu amebeba kilio cha watu wa laki moja kana kwamba ndio wanaotushonea mabuibui.

Mimi nina wasichana wanne. Mmoja wa kaunta namlipa 18,000, mmoja anayekata vitambaa 14,000, na wawili ni wa kipande, mwezi wa kawaida kila mmoja anapata kama 9,000, mwezi wa Shaaban anaweza kupata mara mbili. Ukijumlisha SHA yao wote wanne kwa mwezi wa kawaida ni 1,480. Shilingi elfu moja mia nne na themanini. Buibui moja la mikono ya darizi linalipa hiyo na chenji inabaki. Kwa hiyo mwenzangu akiniambia "biashara yangu ni ndogo, siwezi," namwuliza ni ndogo kuliko buibui moja?

Jibu ninalopewa kila mara ni hili: fundi wa kipande si mfanyakazi, ni mtu wa biashara yake, anakuja na kuondoka apendavyo. Hapo ndipo sikubaliani kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaitaja kazi ya kipande kwa jina lake. Inasema ni kazi ambayo malipo yake hupimwa kwa kiasi cha kazi iliyofanywa, si kwa muda uliotumika. Yaani waliotunga sheria waliwajua mafundi wetu. Na sheria hiyo hiyo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zikafika jumla ya mwezi mmoja au zaidi, hahesabiwi tena kibarua wa siku, haki zake zinakuwa za mfanyakazi. Sasa msichana anayefungua duka langu saa mbili asubuhi, anatumia cherehani yangu, uzi wangu, umeme wangu, anashona kwa vipimo vyangu na wateja wangu, akitaka kwenda harusini Matondoni ananiomba ruhusa, huyo ni mtu wa biashara yake kwa lipi? Kwa kuwa namlipa kwa dera badala ya kwa mwezi? Hiyo ni namna ya kuhesabu tu. Haimtoi katika ufanyakazi, kama vile kumpimia mtu nazi kwa kisaga badala ya ratili hakuifanyi ikawa kitu kingine.

Tuwe wakweli, wengi wetu tumependa neno "kipande" kwa sababu linatupunguzia mzigo. Akiugua halipwi. Akizaa halipwi. Sheria inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, na mwanamke aliyejifungua miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Kifungu cha 34 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake anapata dawa na matibabu akishikwa na ugonjwa mzito, ila pale ambapo serikali au bima inabeba. Soma tena hapo mwisho. Bima ikilipwa, wewe tajiri umekingwa. Usipomlipia SHA na akaanguka kazini, ndugu zake wakaja na wakili, hesabu haitakuwa 300 tena.

Nije kwa sababu iliyonifanya nisiyachukulie haya kama makaratasi tu. Kabla sijafungua duka langu nilishona Mombasa miaka minne kwa tajiri mmoja ambaye jina lake halina haja. Kila mwezi alinikata 400 ya NHIF, akaiandika kwenye daftari mbele yangu. Mwaka 2017 nikapatwa na kidole tumbo usiku, nikafikishwa hospitali, nikatoa kadi, msichana wa mapokezi akaangalia kompyuta akaniambia, "Dada, kadi hii haijalipiwa miezi saba." Mume wangu akarudi nyumbani kuchukua bangili zangu mbili za mahari, na hizo ndizo zilizolipa. Tajiri nilipomwuliza alisema pesa alizitumia kununua mzigo wa vitambaa, atazirudisha biashara ikichangamka. Hakurudisha. Bangili nazo ziliishia kwa sonara.

Zile pesa zilikuwa zangu. Hakunipa sadaka, hakuniongezea hata senti. Alizitoa kwenye jasho langu akazishika kwa niaba yangu, na kitu kama hicho sisi tunakiita amana. Tunajua wenyewe dini inavyosema juu ya kuila amana na juu ya kuchelewesha ujira wa mfanyakazi, sina haja ya kuhubiri. Ninachotaka mwenye duka anayesoma hapa ajue ni kwamba makato ya SHA yakishatoka kwenye mshahara wa msichana, si mtaji tena. Hayangoji msimu. Na wewe msichana unayekatwa, usingoje mpaka siku ya kulazwa. Piga *147# kwenye simu yako, angalia kama malipo yako yameingia. Fanya hivyo kila baada ya tarehe 9. Ukiona hayapo, mwulize tajiri wako kwa adabu lakini mwulize, tena mwulize mapema, kabla miezi haijawa saba.

Kuna kosa moja katika mpango huu, na si la wenye maduka, ni la sheria yenyewe. Katika NSSF, mfanyakazi hutoa asilimia 6 na mwajiri asilimia 6. Katika makato ya nyumba, asilimia 1.5 kwa 1.5. Katika matibabu, mfanyakazi hutoa 2.75 na mwajiri hatoi kitu. Sielewi. Nyumba ya bei nafuu ambayo pengine msichana wangu hataiona hapa kisiwani nachangia, lakini mgongo wake ulioinama kwenye cherehani yangu sichangii? Anayeumia kwa kazi yangu ndiye anayelipa peke yake. Mimi naona ingekuwa nusu kwa nusu, angalau kwa wanaolipwa chini ya elfu ishirini. Najua wenzangu watanirukia kwa maneno haya. Nimeshaanza mwenyewe. Wale wawili wa kipande nawalipia mimi yote, na wa mshahara nawarudishia nusu. Ukiuliza kwa nini wa kipande nimewabeba wote, ni kwa sababu mwezi wa kusi kuna wiki wanapata 1,200 tu, na kumkata mtu hapo roho inaniuma.

Sasa hao wanaoambiwa wajilipie. Tuwatazame vizuri, maana wanawake wengi wa kisiwa hiki wako huko. Wanaodarizi kofia za vito majumbani, wanaosuka mikeka, wanaopika viazi karai na bajia za jioni. Katika NHIF mtu asiye na ajira alilipa 500 kila mwezi. Kwa mwaka ni 6,000. Leo akiwa wa kiwango cha chini ni 3,600, kwa hiyo kwenye karatasi amepunguziwa. Lakini anatakiwa aitoe ya mwaka mzima. Mwanamke anayemaliza kofia moja kwa wiki nyingi za kudonoa sindano, akilipwa pesa zote zina wenyewe tayari: duka la mchele, madrasa, karo. Mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, mtu analipiwa ya mwaka kisha anarudisha kidogo kidogo kwa simu. Wanawake wengi niliozungumza nao hawajalisikia kabisa, na waliosikia wanauliza swali moja: huo si mkopo? Na mkopo una nyongeza? Swali hilo lina uzito kwetu, na anayetaka wanawake wa Lamu waingie lazima aje na jibu lililoandikwa, halali ni halali na riba ni riba, siyo kutujibu kwa tangazo lenye watu wanaocheka.

Halafu kuna yale maswali ya kupima uwezo. Mtu huulizwa habari za nyumba anayoishi, ukuta wa nini, paa la nini, maji anapata wapi, anapikia nini. Pengine bara nyumba ya mawe ni dalili ya mtu aliyejiweza. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 kwa sababu ya nyumba zake za mawe. Twendeni Mkomani mkaone wanaoishi humo. Nyumba ya ukuta wa matumbawe, dari ya boriti, mlango wa nakshi ambao mzungu anaupiga picha, na ndani kuna ndugu sita warithi, kila mmoja na chumba, paa linavuja, na hakuna mwenye uwezo wa kununua chokaa. Bibi mjane anayeishi humo anadarizi kofia. Kompyuta ikisikia "ukuta wa mawe" inaweza kumwona tajiri kuliko mwenye nyumba ya mabati na maduka mawili. Maswali haya yangetungwa na mtu aliyewahi kulala Lamu usiku mmoja wa masika, yangekuwa mengine.

Tena hapa niseme jambo la waume, kwa sababu ndilo linalotumiwa kunifunga mdomo. "Msichana wako ameolewa, mumewe atamwandika." Ni kweli mchangiaji anaandika mke au mume, na watoto mpaka umri wa miaka 21, na mpaka 25 akiwa bado yuko masomoni na hana kipato. Hayo ni mazuri. Lakini mume wa mmoja wa wasichana wangu ni nahodha wa boti ya abiria, hana mshahara, anatakiwa alipe ya mwaka, na hajalipa. Mume asipolipa, mke aliyeandikwa chini yake hana kitu. Huyu huyu msichana, kwa zile 300 zinazopita kwenye duka langu, yeye ndiye aliyemwandika mumewe na watoto wao watatu. Watu watano kwa 300 za kazi ya mke. Mumewe alipoumwa malaria ikamlaza siku nne, alilazwa kwa jina la cherehani ya mkewe. Sisemi haya kumvunjia heshima, ni mtu mwema na anahangaika na bahari. Nasema kwa sababu tumezoea kuhesabu kwamba kazi ya mwanamke ni ya kujaziajazia tu, ndiyo maana haiandikwi popote.

Na kuna wanawake wengi hapa wasio na mume wa kuwaandika. Talaka zetu tunazijua. Siku anapotoka kwenye nyumba, anatoka pia kwenye orodha ya aliyemwandika. Kama ana namba yake mwenyewe inayolipiwa kazini kwake, haendi hospitali kuomba namba ya mtu.

Nini hasa unapata? Hapa kuna kuchanganyikiwa kwingi na ningeomba wale wanaokuja kusajili watu waeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, zahanati na kituo cha afya, homa, kikohozi, kifua cha mtoto. Huo unabebwa na serikali, unachotakiwa ni kuwa umesajiliwa tu. Kwa hiyo hata kama huna senti, jisajili, usajili ni bure. Wa pili ndio huu tunaochangia, na ndio unaohusika ukilazwa, ukipasuliwa, ukijifungua, ukisafishwa damu kwa figo. Huu ukitaka ukusaidie lazima uwe umelipiwa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi makubwa ya kudumu, huu hushika pale ambapo wa pili umefika mwisho. Mfano ni saratani: katika viwango vilivyotangazwa mwanzoni ilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa nyumba kutoka mfuko wa pili, na 150,000 kutoka wa tatu.

Kwa wasichana wetu wa cherehani, ambao wengi wako umri wa kuzaa, la kuliangalia zaidi ni uzazi. Kujifungua kwa kawaida imepangiwa 10,000, na kwa kupasuliwa 30,000. Zamani kulikuwa na Linda Mama, mwanamke mjamzito anaingia hospitali ya serikali anajifungua bila kulipa, awe na kadi ya mchango au asiwe nayo. Siku hizi uzazi umetiwa ndani ya mfuko wa pili. Maana yake ni kwamba mjamzito asiyelipiwa leo yuko pabaya kuliko mjamzito wa mwaka 2020. Hilo ni badiliko kubwa na limepita kimyakimya. Nimekutana na wanawake wanaoamini mpaka leo kwamba Linda Mama ipo vile vile. Ukiwa na fundi mwenye mimba ya miezi mitano na hujamlipia, usingoje mwezi wa tisa, anza mwezi huu.

Na Lamu si Mombasa. Hospitali ya King Fahd iko hapa mjini na inatusaidia, lakini kuna mambo ambayo mgonjwa lazima avuke. Boti mpaka Mokowe, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300 kwenda Mombasa. Nauli ya anayemsindikiza, chakula chake, pahali pa kulala, hayo bima haihesabu. Mtu aliyelipiwa SHA anabaki na mzigo huo wa njiani tu. Asiyelipiwa anabeba vyote viwili. Ndiyo maana sisi watu wa visiwani tulipaswa kuwa wa kwanza kulishughulikia hili, wala si wa mwisho.

Wengine huniuliza la dini, "Bima si haramu?" Mimi ni fundi wa nguo, si mwanachuoni. Ninalolijua ni kwamba Jopo la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwezi wa Desemba 1985 liliikataza bima ya biashara yenye mchango maalum, na likaikubali ile ya kushirikiana, ambapo watu wanachanga ili kumsaidia atakayefikwa. SHA haina mwenye hisa anayegawana faida, na kukatwa si hiari ya mfanyakazi. Kwa macho yangu iko karibu na ile ya kushirikiana. Mwenye shaka amwulize shehe wake, tena amwulize swali lote: aeleze kwamba pesa inakatwa kwa sheria na inamtibu jirani. Nisilolikubali ni tajiri anayegundua uchamungu siku ya kulipia wafanyakazi, ilhali gari lake na jengo lake vina bima miaka yote.

Kuna malalamiko mengine ambayo ni ya haki. Mitandao inayokatika mapokezini, hospitali zinazolalamika kwamba hazijalipwa kwa wakati zikaanza kudai pesa mkononi, watu waliolipa wakaambiwa dawa hakuna, nendeni mkanunue. Siyakanushi. Mwenzangu mmoja wa duka la vitambaa alinambia, "Nilipie kitu ambacho siku ya siku hakifanyi kazi?" Nimelifikiria neno lake sana. Jibu langu ni kwamba anayelipa ana mdomo. Aliyelipiwa akikataliwa ana risiti, ana namba, ana pa kushtaki. Asiyelipiwa akikataliwa anarudi nyumbani tu. Na tofauti ya wasichana wetu wanne, ikiwa mfuko umefanya kazi nusu tu ya siku zote, bado ni 1,480 dhidi ya kitanda cha upasuaji.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: sindano ikipita kwenye kidole, au msichana akiungua kwa pasi, hiyo si ya SHA kwanza, ni yako tajiri. Iko Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, na gharama za matibabu ya jeraha la kazini ni za mwajiri. Kwa hiyo kinga za sindano zikae kwenye mashine zenu. Zinauzwa, si ghali.

Nina maombi mawili kwa wanaohusika. Maafisa wa usajili waje mwezi ambao wanawake wana pesa na nafasi. Shaaban hakuna fundi atakayeinua kichwa, na Ramadhani yenyewe ndiyo usiseme. Mwezi wa kusi pesa hakuna. Waje baada ya Idi, Mfungo Mosi, wakati malipo ya nguo yameshaingia mkononi, au waje Mfungo Sita wakati wa Maulidi, ambapo hata watu wa Faza, Siyu na Pate wako mjini. Wakae Langoni na meza yao, na awepo mwanamke katika hao maafisa, kwa sababu maswali ya nyumba na mume na watoto si ya kuulizwa na kijana wa kiume mbele ya foleni. La pili, wale wadarizi wa kofia wanaomshonea mtu mmoja leo na mwingine kesho, ambao kweli hawana tajiri mmoja, waruhusiwe kulipa kama kikundi. Wana michezo yao ya pesa tayari, wanatoana kila wiki miaka na miaka bila kudhulumiana. Mwenye kukusanya mchezo akiruhusiwa kupeleka 300 za kila mmoja kila mwezi, kama tajiri anavyopeleka, hakuna haja ya mkopo wala ya kutafuta 3,600 kwa siku moja.

Kwa wenye maduka wenzangu, kama hujui pa kuanzia: chukua namba za vitambulisho vya wasichana wako, hakikisha kila mmoja amejisajili na ameandika watu wake, kisha sajili biashara yako kama mwajiri. Wa kipande waandikie kwenye daftari walichopata mwezi huo, piga asilimia 2.75, ikishuka chini ya 300 andika 300. Mimi hufanya siku ya tarehe 5 nikishafunga hesabu, ili mtandao ukisumbua niwe na siku nne za kurudia. Anayetaka kuona daftari langu lilivyopangwa apite dukani baada ya Alasiri, si Ijumaa.